Kununua Bunduki ya Mitutu Miwili ya Kuwindia Ndege: Mwongozo kwa Wawindaji wa Nyanda za Juu Kusini

Wawindaji wa ukanda wetu, kuanzia Kilolo hadi Mbozi, wakianza kuzungumzia bunduki za ndege huanza na jina la kiwanda. Mmoja ataapa kwa Webley, mwingine atakuambia Baikal haifi hata ukiizika. Mimi jina la kiwanda naliweka mwisho kabisa. Kabla yake kuna ndege unayemfuata, risasi unazoweza kuzipata, mwili wako mwenyewe, na uzima wa mitutu. Bunduki rahisi iliyokukaa begani italeta kitoweo nyumbani. Ya kifahari isiyokukaa itakuachia shavu lililovimba na kanga wakikucheka juu ya mti.

Ninayoizungumzia hapa ni shotigani ya kukunja yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Pampu, ile ya mtutu mmoja inayokokwa kwa mkono wa mbele, nimeiacha makusudi. Kwa lindo sina ugomvi nayo, lakini kwa ndege hii ya kukunja inaizidi. Kila mtutu una mbano wake mdomoni, mmoja ukitawanya mapema na mwingine ukifika mbali, kwa hiyo unabeba bunduki mbili ndani ya moja. Kwa jumla ni fupi, hivyo inageuka upesi vichakani. Halafu ukiikunja, kila aliye karibu nawe anaona kwa macho yake kwamba vyumba vya risasi ni vitupu. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani, hasa unapokatiza mashamba ya wenyewe.

Hatua ya kwanza: vibali, kabla hata ya kishika uchumba

Umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia kwa uongozi wa mtaa au kijiji chako, yakapita kwenye kamati za usalama na polisi. Yanachukua muda, na ni heri yachukue muda pesa yako ikiwa bado mfukoni. Nimeona watu wakilipa kishika uchumba kwa bunduki waliyoipenda, kibali kikachelewa, na muuzaji akageuka bubu.

Ukinunua kwa mtu binafsi, ombeni wote wawili maelekezo polisi kabla ya chochote kubadili mikono. Namba iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ile iliyo kwenye leseni yake, tarakimu kwa tarakimu. Anayekuambia "ichukue tu, karatasi tutabadilisha baadaye" anakualika mahabusu.

Leseni ya kumiliki si leseni ya kuwinda. Hiyo ya pili iko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na mahali pa kuanzia ni kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Itakutajia ndege gani, wangapi na eneo gani. Msimu hufunguliwa Julai. Siku ya kufungwa isome kwenye leseni yako, usiitoe kijiweni. Hifadhi za Taifa za Ruaha na Kitulo hazina uwindaji wa aina yoyote, na wale tandawala wanaotembea kwa madaha kwenye nyasi za Kitulo ni wa kutazamwa tu. Korongo taji ni hivyo hivyo, hata ukimkuta katikati ya shamba lako la ngano. Kwenye maeneo ya jumuiya za hifadhi, kama lile la Pawaga na Idodi, wenye eneo nao wana sauti yao, kwa hiyo pita kwao.

Hatua ya pili: taja ndege wako

Chukua karatasi, andika ndege wawili unaotarajia kuwafuata zaidi. Wawili tu. Ukiandika sita utanunua bunduki isiyofaa kwa hata mmoja.

Kwale wa Mufindi, Njombe na Makete anakaa pembezoni mwa mashamba ya mahindi na viazi, kwenye nyasi zilizoungana na msitu. Ana tabia ya kujibana chini hadi karibu umkanyage, kisha analipuka kwa kelele mita kumi mbele yako. Ukishapata akili zako amefika mita 20 au 25, na hapo ndipo unapompiga. Akipita mita 35 amekwishaingia kichakani. Huyu anataka bunduki nyepesi na marisau, yaani zile punje ndogo zilizo ndani ya risasi, yanayotawanyika mapema.

Kanga ni habari nyingine. Kanga wa Isimani, Chunya na tambarare za Mbarali hukimbia kwanza. Kundi zima linakwenda mbele yako kwa miguu kama wanafunzi waliosikia kengele, na wakiruka wapo mbali, mita 30 na kuendelea. Manyoya yao ni mazito na mwili ni mkubwa. Dawa yao ni kulivunja kundi: ukiweza kulitawanya, mmoja mmoja hujificha na kuruka karibu, karibu kama kwale. Hata hivyo risasi ya pili kwa kanga mara nyingi ni ya mbali, na bunduki iwe tayari kwa hilo.

Njiwa wanaoshukia mashamba ya alizeti na majaruba ya mpunga yaliyovunwa hupigwa kati ya mita 25 na 35. Mwili wake ni mdogo, mwendo wake ni mkali, na risasi zitatumika nyingi, kwa hiyo fikiria bega lako. Bata wa Usangu wako upande wa kanga kwa umbali, na wanaongezea tope na maji, maadui wa chuma.

Kuna anayeuliza habari za kwelea kwelea, maana wakulima wa Mbarali wanalia nao. Hao wanakuja kwa makundi makubwa ajabu na serikali hupambana nao kwa dawa inayonyunyizwa kwa eropleni. Kuwapiga kwa shotigani ni kumwaga pesa jaruba zima.

Hatua ya tatu: geji na uzito

Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na kwa huku kwetu jibu fupi ni geji 12. Geji 20 ni tamu kubeba, na geji 16 ina wapenzi wake, lakini bunduki bila risasi ni gongo la bei mbaya. Kabla ya kuvutiwa na kitu chochote, pita kwenye maduka ya silaha unayoweza kuyafikia, uliza risasi zipi huwa zipo mwaka mzima. Utasikia 12, 12 na 12.

Namba ya geji yenyewe inapanda ukubwa wa mtutu unapopungua. Mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, wa geji 20 kama 15.6. Tofauti hiyo ina hatari yake. Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye chumba cha geji 12 huteleza hadi mbele na kukwama ndani ya mtutu, ambapo huioni. Ukidhani hukuweka kitu, ukaingiza risasi ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka palepale mkono wako wa kushoto ulipo. Ndiyo maana viwanda vingi hutengeneza risasi za geji 20 kwa rangi ya njano. Nyumba yenye bunduki za geji zote mbili isichanganye risasi hata kwa dakika moja, na koti la kuwindia libebe aina moja tu.

Kuhusu uzito, W. W. Greener wa Birmingham, aliyetengeneza bunduki na kuandika juu yake karne ya 19, aliacha kanuni ambayo bado inafanya kazi: bunduki iwe na uzito wa angalau mara 96 ya uzito wa marisau unayopiga. Piga hesabu. Risasi ya gramu 28 inataka bunduki ya kilo 2.7. Ya gramu 32 inataka kilo 3.1. Ya gramu 36 inataka kama kilo 3.5. Kwa hiyo ukinunua bunduki nyepesi ya Kiingereza ya kilo 2.9 kisha ukailisha risasi nzito za gramu 36 kwa sababu ndizo zilizokuwepo dukani, usilaumu bega. Baikal nyingi za mitutu miwili zinakaribia kilo tatu na nusu. Zinachosha kwenye milima ya Kilolo, ila zinameza risasi nzito bila malalamiko. Anayetembea kutwa akimfuata kwale achukue kilo 3 au pungufu na atumie gramu 28. Anayewasubiri bata amekaa hana haja ya kuogopa uzito.

Hatua ya nne: choki na triga

Choki ni mbano mdogo mwishoni mwa mtutu unaoamua marisau yatatawanyika mapema au yatakwenda yakiwa yameshikana. Kwa geji 12, choki kamili hubana kama milimita moja, nusu choki nusu milimita, robo choki robo milimita. Kipimo cha siku zote ni asilimia ya marisau yanayoingia kwenye duara la sentimita 76 ukiwa umbali wa mita 36: mtutu usio na mbano huingiza kama 40, robo 55, nusu 60, kamili 70.

Kwa kawaida mtutu wa kulia ndio wenye mbano mdogo na wa kushoto ndio mkali, kwa sababu ndege wa kwanza yupo karibu na wa pili ameshakwenda mbali. Kwa kwale tafuta kulia iliyo wazi au robo, kushoto nusu. Kwa kanga na bata, nusu na robo tatu, au nusu na kamili. Ukinibana nichague moja kwa kila kitu, nitakwambia robo na nusu, nikalala usingizi. Watu wengi huku wana nusu na kamili kwa sababu ndizo zilizoletwa kwa wingi, halafu wanashangaa kwale wa karibu anatoka bila unyoya kupotea au anatoka amesagika hafai hata supu.

Triga mbili au moja? Mbili. Ya mbele ni ya mtutu wa kulia, ya nyuma ni ya kushoto, na kidole kinachagua bila wewe kufikiri. Kanga akiruka mbali tangu mwanzo unakwenda moja kwa moja ya nyuma. Triga moja ina vipuri vingi zaidi ndani, na fundi wa kuvishughulikia vipuri hivyo huenda yuko Dar es Salaam au hayupo kabisa. Kwa sababu hiyohiyo napendelea bunduki inayoinua maganda tu ukayatoa kwa kidole kuliko ile inayoyarusha. Zinazorusha ni nzuri kwa mtu anayepiga mamia ya njiwa, lakini mwindaji wa kwale risasi mbili zinamtosha kwa nusu saa, na maganda yake anaondoka nayo badala ya kuyamwaga shambani kwa watu.

Hatua ya tano: ikukae

Hapa ndipo ndege wengi wanaponusurika. Shotigani ya ndege hailengwi kama raifo. Macho yanamtazama ndege, mikono inaipeleka bunduki, na jicho lako ndilo linalofanya kazi ya kilengeo cha nyuma. Kitako kikiwa kirefu, kifupi au kimeinama vibaya, jicho linakaa mahali pasipo pake na marisau yanakwenda futi moja pembeni mwa unakotazama.

Anza kwa kujua jicho lako kuu. Nyoosha kidole kwenye kitu kilicho mbali, macho yote mawili wazi, kisha funga la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho lako kuu ni la kulia. Kikiruka pembeni, ni la kushoto, na kama unapigia bega la kulia itabidi ujifunze kufumba lile la kushoto au kuhamia bega jingine.

Sasa ikunje bunduki, itazame vyumba, hakikisha ni vitupu, ifunge. Chagua doa ukutani mahali salama. Fumba macho, iinue hadi begani kama unavyoinua siku zote, shavu likae kwenye mbao, kisha fumbua. Unapaswa kuona ule ubavu bapa kati ya mitutu ukiwa umenyooka na shanga ya mbele imekaa juu ya doa. Ukiona nyuma ya chuma tu, shanga imepotea, kitako kimeinama mno na utapiga chini. Ukiona ubavu wote umepanda juu kama barabara ya mlima, utapiga juu. Shanga ikiwa kushoto au kulia, kitako hakijapinda inavyokufaa. Rudia mara kadhaa, maana mara ya kwanza shingo hujilazimisha.

Urefu kutoka triga ya mbele hadi mwisho wa kitako kwa bunduki nyingi za Kiingereza ni kama sentimita 37. Ukiwa mfupi wa mikono, kitakwama kwapani kila unapoinua haraka. Halafu kumbuka hali ya hewa yetu. Bunduki uliyoijaribu ukiwa na shati kwenye joto la Pawaga itakuwa ndefu siku utakapoivaa na koti zito Mafinga asubuhi ya Julai. Jaribu ukiwa umevaa nguo za kuwindia kwelikweli. Kitako kirefu kinaweza kupunguzwa. Kifupi kinaongezwa kwa pedi ya mpira. Mbao ikikatwa hairudi, kwa hiyo kata kidogo.

Hatua ya sita: kukagua bunduki iliyotumika

Bunduki nyingi za mitutu miwili zinazouzwa huku zina umri kuliko mnunuzi. Tuseme umefika kwa mzee mmoja pale Mafinga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Ndiyo hii, mwanangu. Aliniachia marehemu baba, naye aliipata kwa Mzungu wa mashamba ya chai."

"Naomba niikunje, mzee."

"Ikunje tu, haina kitu."

Ukiambiwa haina kitu, itikia kwa heshima kisha itazame mwenyewe, kila mara, hata kama ameikunja mbele yako dakika moja iliyopita.

Anza na kufunga na kufungua. Wenzo wa juu, kile kishikio cha kufungulia, ukifunga unapaswa kusimama katikati au ulegee kidogo kuelekea kulia. Ukipita katikati kwenda kushoto, chuma kimelika. Vua ile mbao ya mbele, shika bunduki kwenye shingo ya kitako ikiwa imefungwa, itikise. Ukisikia kugongagonga kati ya mitutu na mwili wa bunduki, hiyo imelegea. Ielekeze kwenye mwanga utazame pale mitutu inapokutana na uso wa chuma: usione mstari wa mwanga. Kulegea kunarekebishika kwa fundi stadi, lakini gharama hiyo itoke kwenye bei, na usiifyatue kabla.

Chomoa mitutu. Ishike kwa kidole kimoja kwenye kile kipande cha chuma cha chini kinachoshika bawaba, iache ining'inie, gonga kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima hulia kama kengele na mlio unabaki. Mlio ukiwa butu, ule ubavu unaoshikanisha mitutu umeachia mahali fulani na maji yanaingia chini yake. Kutu ya humo huioni hadi siku itakapotoboka.

Pitisha kitambaa kisafi ndani, maana mafuta mazito hufunika dhambi nyingi. Kisha chungulia kila mtutu ukielekea dirishani, ukiugeuza polepole. Vivuli vyembamba vya duara vinavyokwenda vimenyooka ni dalili njema. Kivuli kikikatika au kupinda kama kimemeza kitu, pana bonde au uvimbe. Bonde dogo hutolewa. Uvimbe ni kesi nzito: mtutu uliwahi kufyatuliwa ukiwa na tope au kitu kingine ndani. Achana nao. Vishimo vidogo vya kutu karibu na chumba ni vibaya kuliko vya mbele, kwa kuwa huko ndiko mgandamizo mkubwa ulipo. Kwa bunduki za Kiingereza, wataalamu hawapendi unene wa ukuta wa mtutu ushuke chini ya nusu milimita mahali popote, na kipimo hicho kinahitaji kifaa cha fundi wa silaha. Kama mitutu imewahi kusuguliwa ndani ili ing'ae, omba ipimwe.

Sasa geuza mitutu utazame pale bapa chini ya vyumba. Hapo kuna mihuri, na hapo ndipo pesa au maisha yanapookolewa. Bunduki za Uingereza hupimwa Birmingham au London kwa risasi zenye nguvu kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Tafuta alama inayoonyesha ilipimwa kwa baruti ya kisasa: maneno "NITRO PROOF" au herufi NP. Ikiwa haina, na mitutu ina michoro ya mawimbi ya kahawia iliyofumwa kwenye chuma chenyewe, hiyo ni mitutu ya kusokotwa ya enzi za baruti nyeusi. Itundike ukutani ukiruhusiwa. Usiilishe risasi za dukani.

Kisha urefu wa chumba. Bunduki kongwe nyingi za Kiingereza zina vyumba vya inchi 2½, yaani milimita 65, huku risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Tatizo ni kwamba urefu huo hupimwa ganda likiwa limefyatuliwa na kufunguka. Risasi nzima iliyokunjwa mdomo ni fupi, kama milimita 60, kwa hiyo ya 70 inaingia kwenye chumba cha 65 bila kugoma, na bunduki inafunga vizuri kabisa. Ikifyatuliwa, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka, njia inabanwa na mgandamizo unapanda. Mara nyingine hakuna kinachotokea. Mara nyingine mbao hupasuka, au zaidi. Kwa hiyo tafuta namba 65, 70, 2½ au 2¾ kwenye mihuri, na usipoiona mpe fundi apime. Risasi ziwe za urefu huo au pungufu, isipokuwa sanduku lenyewe limeandika kwamba zinafaa vyumba vya 65. Marisau ya chuma cha pua au chuma kingine kigumu nayo yasipite kwenye mitutu mizee yenye choki kali.

Linganisha namba tatu: ya mitutu, ya mwili, na ya mbao ya mbele. Zikitofautiana, bunduki imeunganishwa kutoka kwa ndugu wawili. Si dhambi, ila bei ishuke, na leseni iseme namba ipi.

Kitako kitazame kwenye shingo, nyuma ya chuma, mahali mbao ni nyembamba. Nyufa huanzia hapo. Mbao iliyogeuka nyeusi imelewa mafuta ya miaka na imelainika. Bunduki iliyohifadhiwa kwa kusimamishwa mdomo juu huwa hivyo, kwa sababu mafuta yote hushuka kwenye mbao.

Mwisho jaribu triga, ukiwa na risasi bandia ndani ili usivunje pini. Kila triga iachie kwa uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili. Weka sefti, ile swichi ya usalama, vuta triga zote mbili kwa nguvu, ziachie, kisha ondoa sefti: nyundo zisianguke. Halafu, risasi bandia zikiwa bado ndani na mitutu ikitazama pasipo na mtu, gonga kitako kwa kiasi kwenye kandambili iliyowekwa sakafuni. Upande wowote ukijifyatua, mrudishie mzee bunduki yake kwa mikono miwili na umwambie ukweli. Hiyo si ya kuuzwa kwa mtu yeyote kabla haijatengenezwa.

Na majina je? Kwa kuwa mtaniuliza tu: Webley & Scott na bunduki nyingine za kawaida za Birmingham ni nzuri zikiwa nzima. Za Hispania kutoka Eibar, hasa AYA, hunipa imani sawa, na mara nyingi zina vyumba vya 70. Baikal kutoka Izhevsk ni nzito na mbao yake haina uzuri, lakini vyumba vyake huwa vya 70 au zaidi na inavumilia matunzo mabovu kuliko zote. Za Kituruki zinatofautiana sana, kwa hiyo kagua hiyo uliyoishika na usiamini sifa za jumla.

Hatua ya saba: ipige kwenye karatasi

Mahali panaporuhusiwa kufyatulia, penye kilima cha udongo nyuma, bandika karatasi pana ya kaki, mita moja kwa moja au zaidi. Pima mita 36, weka alama katikati, piga mtutu mmoja kwa karatasi moja. Kisha chora duara la sentimita 76 pale marisau yalipojaa zaidi, uhesabu matundu. Risasi ya gramu 28 yenye marisau namba 6 ya Kiingereza, ya milimita 2.6, ina kama marisau 270. Ukipata 160 ndani ya duara, hiyo ni nusu choki, hata muuzaji akisema nini. Namba za marisau za Kiingereza, Kimarekani na Kiitaliano hazilingani, hivyo soma milimita kwenye sanduku. Kwa kwale na njiwa tumia 2.4 hadi 2.6, kwa kanga na bata 2.8 hadi 3.1.

Angalia pia kama mitutu yote miwili inapiga mahali pamoja. Mmoja ukipeleka marisau futi nzima kushoto, hakuna mazoezi yatakayoutibu. Jaribu angalau aina mbili za risasi, maana kuna bunduki inayochukia kiwanda fulani bila sababu ya maana.

Karatasi hiyo itakufundisha pia kuacha. Zaidi ya mita 40 matundu yanakuwa machache kiasi cha ndege kupita katikati, au mbaya zaidi, kuondoka amejeruhiwa. Na yale yaliyomkosa hayaishii hapo; marisau namba 6 husafiri zaidi ya mita 200. Kwenye tambarare za Usangu kuna wachungaji ndani ya nyasi ndefu, na Mufindi wachuma chai hawaonekani hadi wainuke. Kanga anayekimbia chini asipigwe kamwe, hata mkiwa na njaa.

Hatua ya nane: ukishaileta nyumbani

Ukungu wa Mufindi na Rungwe unatafuna chuma kwa usiku mmoja. Ukitoka porini chomoa mitutu, ikaushe, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi. Ya cherehani yanatosha. Usiiache kwenye mfuko wa turubai au ngozi, maana mfuko unashika unyevu. Iwe ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, mdomo ukiangalia chini, na risasi zifungiwe mahali pengine.

Ikiharibika, ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni pamoja na karatasi zako. Fundi wa kuchomea mageti ana kipaji chake, lakini moto wake ukigusa mitutu, lehemu inayoshikanisha ule ubavu inayeyuka na ugumu wa chuma unakwisha. Mbao iliyochubuka unaweza kuihudumia mwenyewe kwa mafuta ya kitani, matone machache, ukisugua kwa kiganja na kuacha ikauke kabla ya kurudia.